Kuhariri Jeni za Mgomba: Ni Kazi ya Namna Gani?

Yafaa padri na katekista wajue habari za vitu ambavyo watu wao wanalima na kula. Siku hizi habari zinafika hata vijijini, kwa redio na kwa simu, kwamba wataalamu wamepata njia ya kuingia ndani ya mmea na kubadilisha maandishi yake ya ndani. Wengine wanafurahi na kusema: njaa imekwisha. Wengine wanaogopa na kusema: wanaharibu kazi ya Mungu, ndizi zitakuwa sumu. Wote wanahukumu mbele ya kujua. Sisi tunataka kwanza kueleza jambo lenyewe polepole, kwa mfano ambao kila mtu wa Kivu anaujua, ndio mgomba. Kisha tutaona namna ya kulipima.

I. Ugonjwa unaomaliza migomba

Mwaka wa 1968 wataalamu waliandika habari za ugonjwa wa inchi ya Ethiopia uliokausha enset, mmea ulio ndugu wa mgomba, ambao watu wa huko wanakula unga wa shina lake. Wenye kuleta ugonjwa huo ni bakteria waitwao Xanthomonas, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa miaka mingi ugonjwa ulikaa Ethiopia. Lakini mwaka wa 2001 ulionekana Uganda, na mwaka ule ule katika milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini. Toka hapo ukafika Rwanda, Tanzania, Kenya na Burundi, na kwetu ukashuka mpaka Kivu ya Kusini. Majirani wetu wa Rwanda wanauita kirabiranya. Wengine wanasema mnyauko wa migomba.

Dalili zake ni hizi. Majani yanageuka manjano na kulegea. Ndizi zinaiva mbele ya wakati, tena bila mpango: katika mkungu mmoja nyingine ni za manjano, nyingine bado za kijani. Ukipasua ndizi unaona doa la kahawia ndani yake. Ukikata shina, baada ya dakika chache unaona usaha wa manjano ukitoka. Ndizi za namna hiyo hazifai kupikwa wala kukamuliwa kasiksi.

Tusidhani kwamba hasara ni ya chakula tu. Katika milima yetu mgomba ni kinywaji cha arusi na cha kilio. Ni kivuli cha mikahawa. Ni jani la kufunika chungu. Tena ni akiba ya mtu asiye na benki: juma hili anakata mkungu mmoja na kuupeleka sokoni, juma lijalo mwingine, na mwisho wa mwezi minervali ya mtoto imelipwa. Shamba la migomba likifa, mtoto anarudishwa nyumbani kutoka shuleni. Ndiyo sababu habari hii si ya wataalamu peke yao.

II. Sababu gani njia ya zamani haitoshi

Waseminari wanalijua jina la Gregor Mendel. Alikuwa mtawa wa Mtakatifu Augustino, akapewa upadri mwaka wa 1847, akakaa katika monasteri ya Brno, inchi inayoitwa leo Ucheki. Toka 1856 mpaka 1863 alipanda njegere katika bustani ya monasteri, karibu miche 28,000, akichanganya zenye maua meupe na zenye maua ya zambarau, ndefu na fupi, akihesabu watoto wao kizazi kwa kizazi. Akatambua kwamba tabia za mmea zinarithiwa kwa kanuni zinazohesabika. Alichapisha kazi yake mwaka wa 1866, na karibu hakuna aliyeelewa. Akafa mwaka wa 1884. Mwaka wa 1900 tu ndipo wataalamu wa Ulaya walipotambua kwamba padri huyo alikuwa amewatangulia.

Kufuatana na kanuni hizo, mtu anaweza kuchukua mmea wenye nguvu mbele ya ugonjwa, kuuchanganya na mmea wenye chakula kizuri, na kuchagua kati ya watoto wale wenye tabia zote mbili. Hivyo ndivyo yalivyopatikana mahindi mengi na ngano nyingi. Basi, mbona tusifanye vile vile kwa mgomba?

Jibu liko ndani ya ndizi yenyewe: haina mbegu. Jeni za kila kiumbe zimepangwa katika nyuzi ziitwazo kromosomu. Viumbe vingi, na mwanadamu kati yao, wana mafungu mawili ya nyuzi hizo, moja la baba na moja la mama. Migomba yetu mingi inayo mafungu matatu, kila fungu nyuzi 11, jumla 33. Wakati wa kutengeneza chavua na yai, mafungu matatu hayagawanyiki sawasawa, na mbegu haipatikani. Kwa hiyo mkulima anapanda chipukizi. Chipukizi ni mwili ule ule wa mama yake. Kama mama hana nguvu mbele ya mnyauko, chipukizi hana, na shamba la jirani aliyepewa chipukizi halina.

Wataalamu hawakuacha kujaribu. Huko Uganda walifanya kazi ya miaka mingi, wakapata aina 27 za mchanganyiko ziitwazo NARITA, zenye mikungu mizuri. Lakini juu ya mnyauko shida ni kubwa zaidi. Katika aina zote tunazokula hakuna inayoushinda kabisa. Mwenye nguvu ni mgomba wa porini uitwao Musa balbisiana, ambao ndizi zake zimejaa mbegu ngumu kama vijiwe. Kuchanganya huo na migomba yetu, kisha kuondoa mbegu na kurudisha utamu, ni kazi ya miaka na miaka, na mwisho pengine mama atakataa kuiweka chunguni.

III. Jeni ni nini, na chombo hiki ni nini

Tuchukue mfano wa kitabu. Ndani ya kila seli, yaani kila kijumba kidogo cha mwili wa mmea, kuna maandishi marefu yanayoitwa DNA. Yameandikwa kwa herufi nne tu: A, T, C na G. Fungu moja la mgomba lina herufi zaidi ya milioni 500, na wataalamu walitangaza mwaka wa 2012 kwamba wamelisoma kwa mara ya kwanza. Jeni ni kama sentensi moja ya kitabu hicho. Sentensi moja inasema: tengeneza rangi. Nyingine inasema: ongeza sukari. Nyingine: punguza ulinzi, adui amekwenda.

Chombo kiitwacho CRISPR hakikubuniwa na mtu toka mwanzo. Kimekutwa kwa bakteria. Bakteria nao wanashambuliwa na virusi. Akipona, bakteria anaweka ndani ya kitabu chake kipande kidogo cha maandishi ya adui, kama vile askari anavyoweka picha ya mwizi ukutani. Virusi hao wakirudi, bakteria analinganisha, anawatambua na kuwakata. Mwaka wa 2012 Emmanuelle Charpentier, mwanamke Mfaransa, na Jennifer Doudna, mwanamke Mmarekani, walionyesha kwamba mtu anaweza kukiongoza chombo hicho kikate mahali anapotaka. Mwaka wa 2020 wote wawili walipewa zawadi ya Nobel ya kemia.

Chombo kina sehemu mbili. Ya kwanza ni kiongozi: kipande kifupi cha herufi 20 kinachotafuta mahali penye herufi zinazolingana naye. Ya pili ni mkasi: proteini iitwayo Cas9, inayofuata kiongozi na kukata pale anaposimama. Baada ya kukatwa, seli inajaribu kuunganisha ncha mbili. Lakini inaunganisha kwa haraka, na mara nyingi herufi moja ao kadhaa zinapotea ao kuongezeka. Basi sentensi ile haisomeki tena. Jeni imezimwa. Kazi hiyo ndiyo tunayoita kuhariri jeni.

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Njia iliyotangulia ilikuwa kubandika ndani ya kitabu cha mmea ukurasa wa kitabu kingine. Mfano: wataalamu walichukua jeni mbili za pilipili tamu, wakazitia ndani ya mgomba, na migomba hiyo ikajaribiwa katika shamba la Uganda, mingine ilishinda mnyauko. Kuhariri ni jambo lingine: hakuna ukurasa mgeni unaotafutwa, bali neno moja la kitabu chenyewe linafutwa. Lakini hata hapa tutaona kwamba jambo si jepesi kama linavyosemwa.

IV. Kazi iliyofanywa Nairobi

Kati ya wanaofanya kazi hii juu ya mgomba, anayejulikana sana ni Leena Tripathi, mama mtaalamu wa asili ya India, ambaye anafanya kazi Nairobi katika chuo cha utafiti kiitwacho IITA. Chuo hicho kilianzishwa mwaka wa 1967 huko Ibadan, Nigeria. Tueleze kazi zake mbili.

Ya kwanza ilichapishwa mwaka wa 2019. Ndizi za kupika ziitwazo plantain zimerithi sehemu ya jeni zao kwa ule mgomba wa porini, Musa balbisiana. Na ndani ya urithi huo wamelala virusi: maandishi ya virusi wa milia ya majani yaliingia zamani katika kitabu cha mmea, yakabaki humo. Siku za raha hayana neno. Ukija ukavu ao joto kali, ao wataalamu wakichanganya mimea, virusi wanaamka, majani yanaonyesha milia, na mmea unadhoofika. Ndiyo sababu wachanganyaji waliogopa kuutumia mgomba huo wa porini kama mzazi, ijapo una nguvu nyingi. Kundi la Tripathi lilichukua plantain iitwayo Gonja Manjaya, likaongoza mkasi mpaka kwenye maandishi ya virusi waliolala, likayakata. Kisha mimea ikanyimwa maji kusudi virusi waamke. Katika mimea iliyohaririwa, 75 kwa mia haikuonyesha dalili yoyote.

Ya pili ilichapishwa mwaka wa 2021, nayo inahusu mnyauko wenyewe. Mimea ina jeni iitwayo DMR6. Kazi yake ni kutuliza ulinzi wa mmea, kusudi mmea usimalize nguvu zake katika vita visivyo na mwisho. Lakini adui anafaidika na utulivu huo. Wataalamu walizima jeni hiyo katika ndizi ndogo tamu iitwayo Sukali Ndiizi. Migomba iliyozimwa jeni hiyo ilionyesha nguvu zaidi mbele ya bakteria wa mnyauko, tena haikudumaa.

Namna ya kufanya ni hii. Wanachukua seli kutoka ua la kiume la mgomba, wanazilea katika chupa. Wanamtumia bakteria wa udongo aitwaye Agrobacterium, ambaye kwa asili yake anajua kuingiza jeni ndani ya mimea, kusudi abebe maagizo ya kiongozi na ya mkasi. Seli zilizopokea maagizo zinaoteshwa mpaka ziwe miche midogo. Kisha wanasoma maandishi ya kila mche kuona kama pamekatwa mahali palipotakiwa. Na kwa kuwa mgomba una mafungu matatu, yapasa jeni izimwe katika yote matatu. Moja likibaki, linaweza kuendelea kutoa amri ile ile.

V. Mambo ambayo kazi hii bado haijatupa

Matokeo hayo ni ya laboratori na ya nyumba za kukingia mimea. Shamba la Masisi lina mvua ya mawe, wadudu, udongo uliochoka, magonjwa mengine mengi. Mmea ulioshinda ndani ya nyumba haujathibitisha kwamba utashinda nje kwa miaka kumi. Tena bakteria nao wanabadilika. Leo wamefungiwa mlango mmoja, kesho watatafuta dirisha.

Kisha kuna shida ya mkasi wenyewe. Maagizo yaliyoletwa na Agrobacterium yanabaki ndani ya mmea. Kwa mahindi ao ngano shida hiyo inakwisha upesi: unachanganya mmea uliohaririwa na mwingine, na kati ya watoto unachagua wale waliorithi neno lililofutwa pasipo kurithi mkasi. Lakini mgomba usio na mbegu hauna watoto wa namna hiyo. Kwa hiyo wataalamu wanatafuta njia ya kuingiza mkasi kama proteini tu, ufanye kazi yake na kuyeyuka. Anayesema kwamba katika mgomba hakuna kitu kigeni kinachoingia, na amwulize mwenzake kwanza ni njia gani iliyotumika.

Vile vile kiongozi anaweza kukosea na kusimama mahali panapofanana na pale palipotakiwa. Ndiyo sababu ya kusoma maandishi ya miche, na ndiyo sababu serikali zinaweka sheria. Kenya ilitoa kanuni zake za kuhariri jeni mwaka wa 2022, kusudi kila mmea upimwe peke yake mbele ya kutoka.

Mwisho, tukipanda wote chipukizi za mgomba mmoja uliohaririwa, tutarudi kwenye hatari ile ile: mashamba ya mwili mmoja, na ugonjwa mpya utayakuta yote dhaifu kwa siku moja. Bonde la mto Kongo lina aina nyingi sana za plantain. Huko Leuven, Ubelgiji, pamehifadhiwa katika vichupa aina za migomba zaidi ya 1,500 za dunia nzima. Mama mzee anayeshika aina sita nyuma ya nyumba yake anafanya kazi hiyo hiyo pasipo mshahara.

VI. Tuwajibu nini wanaouliza?

Wa kwanza anauliza: je, mtu anachukua nafasi ya Muumba? Tunajibu: mtu aliwekwa katika bustani ailime na kuitunza, na toka zamani kulima ni kubadilisha. Ndizi isiyo na mbegu haikukutwa porini namna tunavyoila leo. Babu za watu walichagua na kupanda, kizazi kwa kizazi. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka wa 2015, hakukataza kazi juu ya jeni za mimea, wala hakuibariki yote kwa jumla. Alisema ni vigumu kutoa hukumu moja kwa zote, akaomba kila jambo lipimwe, na wote wanaohusika wasikilizwe, wakulima nao.

Wa pili anauliza: ndizi hizo ni sumu? Tunajibu: kuzima jeni hakufanyi chakula kuwa sumu, wala hakukifanyi kuwa salama kwa jina tu. Kila aina ipimwe. Japani watu walianza mwaka wa 2021 kununua nyanya iliyohaririwa kwa CRISPR, baada ya serikali kuichunguza.

Wa tatu anauliza: chipukizi ni mali ya nani? Swali hili tunaliona kuwa zito kupita yote. Kwetu chipukizi haliuzwi kwa jirani kila mara; mtu anaomba, anapewa, na mwaka mwingine anampa mwenzake. Lakini haki za chombo cha CRISPR zimegombaniwa miaka mingi mbele ya waamuzi wa Marekani, kati ya Chuo Kikuu cha California na Broad Institute, maana kuna feza nyingi ndani yake. Papa Fransisko alionya katika barua ile ile kwamba mbegu mpya zinaweza kukusanya mashamba mikononi mwa wachache na kuwafukuza wadogo. Basi wakija watu na mgomba mpya, tusiulize tu kama unashinda mnyauko. Tuulize pia: je, mjane ataruhusiwa kumpa jirani yake chipukizi? Jibu liandikwe, lisomwe mbele ya watu.

Wa nne anauliza: na mtu naye atahaririwa? Tusichanganye. Mwaka wa 2018 mtaalamu mmoja wa China alitangaza kwamba mapacha wamezaliwa ambao jeni zao zilihaririwa wakiwa bado mimba changa. Dunia ilikasirika, na mwaka wa 2019 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Mgomba ni kitu cha kumtumikia mtu. Mtoto si kitu cha kujaribia. Chombo ni kile kile, lakini hukumu si ile ile.

VII. Kazi ya leo

Wakati wataalamu wanaendelea, mnyauko hausubiri. Na jambo lenye kufaa leo halitaki laboratori. Bakteria wanapita kwa njia tatu: kwa wadudu wanaonyonya ua la kiume, kwa panga lililokata mgomba mgonjwa, na kwa chipukizi lililotoka shamba gonjwa.

Basi, katekista awafundishe watu mambo manne. Chane la mwisho likiisha kutokea, ua la kiume livunjwe kwa kijiti chenye panda, wala si kwa panga. Panga lipitishwe katika moto ao katika maji ya javel mbele ya kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Shina lililo gonjwa likatwe usawa wa udongo mara dalili zinapoonekana, na shamba litazamwe tena kila juma, maana shina jingine linaweza kufuata. Chipukizi lisipokelewe kutoka shamba lenye ugonjwa, hata kama mwenye kulitoa ni ndugu.

Kazi hiyo ikifanywa na mtu mmoja, jirani asiyeifanya atamrudishia ugonjwa kwa panga la kuazimana. Kwa hiyo inafaa itangazwe kwa wote siku moja, baada ya Misa ao katika mkutano wa shirika, na kila kijiji kichague mtu wa kupita mashambani. Na mgomba mpya ukifika siku moja, utakuta watu waliokwisha zoea kuchunguza migomba yao, na wanaojua maswali ya kuuliza.